Kichwa cha Shairi la Mwanvita

Bi Mwanvita, mkulima wa ndizi wa Matombo, kwenye milima ya Uluguru, ametunga shairi moja tu maishani mwake, akaliita “Shikamoo, Chemchemi”. Linasifu ukungu, migomba na maji baridi. Erick, kijana aliyekuwa akikusanya mashairi ya kitabu mjini Morogoro, alitaka kichwa kingine.

“Bibi, tuliite ‘Uzuri wa Uluguru’. Wageni watalipenda.”

“Mjukuu wangu, kizuri hutazamwa. Mkubwa huamkiwa. Kama hukitaki kichwa changu, nirudishie na shairi.”

Utotoni mwa Bi Mwanvita, wasichana walitua mitungi, wakapiga goti na kuiamkia chemchemi, ndipo wakateka. Hakuna aliyethubutu kukata mti katika msitu uliokuwa juu yake. Leo tumeufyeka msitu ule, maji yamebaki matone, nasi hatuoni haya kuimba uzuri wa milima.

Erick alikubali shingo upande. Siku kitabu kiliposomwa hadharani, pale Bigwa, mjini Morogoro, Bi Mwanvita alitamka kichwa: “Shikamoo, Chemchemi.” Vikongwe wawili wa Matombo waliinuka vitini, wakakunja magoti polepole. Erick aliwatazama, kisha akainamisha kichwa naye.