Bunduki ya Uvunguni na Apizo la Mama

Mama yangu mzazi alimwapiza mwanawe wa kumzaa afe kwa kuvimba tumbo. Hadharani, mtaa mzima unasikia. Mie nimesimama nyuma yake na ndoo ya maji, namjua anayeapizwa, nikanyamaza.

Sitaki pole zenu. Nna miaka themanini na tatu, naandika kwa kidole kimoja, na nimekasirika.

Jana kwenye kundi letu la simu yalizuka mazungumzo ya watu kupigana risasi mitaani. Mmoja kaandika "kila mtu afunge mlango wake." Mwengine kaandika "aliyefyatua alaaniwe yeye na kizazi chake." Mkapeana vidole gumba, mkenda zenu kulala.

Sasa kaeni mnisikilize.

Mwaka 1958, Kikwajuni. Mie nna miaka kumi na sita.

Siasa ilikuwa imeingia mpaka vyumbani. Ukiwa upande huu, hununui duka la yule, hupandi gari ya yule, akifa hwendi kumzika. Nimeona kwa macho yangu jeneza linapita na watu sita, majirani wamekaa barazani wanacheza bao.

Kitu kimoja tu hatukuweza kugawana. Mfereji, bomba la maji la mtaa. Mtaa mzima tukichota hapo hapo, na matusi tukimaliziana hapo hapo.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mama yangu, Bi Borafya, ambaye ulimi wake ulikuwa haumwogopi mtu. Mie, Wanu. Na kaka yangu Mabrouk, aliyekuwa akilinda shamba la mtu nje ya mji, akapewa bunduki ya marisawa ya kupigia kima.

Marisawa ni zile risasi ndogo ndogo kama punje za mtama. Kima mmoja hupata kumi.

Ijumaa moja, saa tatu asubuhi, Usi, jirani yetu wa upande wa pili, aliipiga teke ndoo ya mama.

"Nyie wa upande wenu kachoteni baharini," akasema.

Mama akamjibu. Alivyomjibu siwezi kuandika hapa, wajukuu zangu wanasoma.

Watu wakajaa, pande mbili, wameshikana makanzu. Ndipo akaingia kati Bi Time. Huyu alikuwa mkunga wetu. Nusu ya waliokuwa pale aliwapokea yeye, wa huku na wa huku. Akanyanyua mkono wa kulia.

"Nyote nimekushikeni kwa mkono huu," akasema. "Haya, nyamazeni."

Bunduki ikalia.

Ilitokea karibu, nyuma ya ua wa makuti wa nyumba iliyokuwa ikijengwa. Tukakimbia sote. Bi Time alibaki peke yake pale mferejini, anautazama mkono wake unavyochuruzika damu.

Hospitali wakamkata vidole viwili.

Polisi wakaja kuuliza nani kaona. Watu arubaini mferejini, wote vipofu. Upande wetu tukasema ni wao, wao wakasema ni sisi.

Siku ya nne Usi alileta gobore la mjomba wake kutoka Bwejuu, akaliegemeza mlangoni ili tulione. Kificho, muuza samaki wa upande wetu, naye akatafuta lake. Wakawa wanafyatua hewani mchana kweupe, huyu akipiga na yule anajibu. Risasi moja iliingia dirishani kwa mzazi wa siku tatu, ikakaa ukutani, shubiri moja juu ya kichwa cha mtoto.

Na sisi tukafanya nini? Tukafunga milango. Kama nyie.

Jumapili ya wiki ya pili nafagia chumba cha Mabrouk. Ufagio ukagonga kitu uvunguni. Nikainama. Bunduki ya marisawa, imekunjwa ndani ya mkeka wa kulalia.

Alipoingia nikamwonesha kwa kidole. Hata hakukana.

"Nlitaka kuwatisha tu, Wanu. Nlipiga juu. Sikujua kama atanyanyua mkono."

"Mkono uliokupokea wewe."

"Usimwambie mama."

"Kwa nini nisimwambie?"

"Mama akijua, atakufa."

Nakwambieni kweli, nilimchukia siku ile, na ndivyo hivyo hivyo nilimficha. Ndugu ni ndugu.

Siku ya pili yake Bi Time akarudi kutoka hospitali. Mkono umefungwa vitambaa mpaka kiwikoni. Akenda moja kwa moja mferejini, wakati watu wamejaa.

"Alhamisi baada ya laasiri, barazani kwangu, itasomwa Halbadiri," akasema. "Na siisomei bunduki moja. Nnazisomea zote. Mwenye yake nyumbani, kafyatua hajafyatua, ailete kabla hakujaanza kusomwa."

Kwa msiojua: husomwa dua kwa majina ya watu wa Badri, na mtendaji popote alipo yanamfika. Na anayemficha naye hasalimiki. Nyie mkitaka kucheka, chekeni. Pale hakuna aliyecheka isipokuwa Kificho.

"Bibi, kwanza pona mkono," Kificho akasema. "Mkunga gani tena wewe na vidole vitatu?"

"Mkeo ana mimba ya miezi minane," Bi Time akamjibu. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nyumba yenye bunduki sitii mguu. Atazalishwa na bunduki."

Kificho akatazama chini.

Ndipo mama yangu akapasua watu akapita mbele.

"Isomwe!" akasema. "Natoa ubani, natoa na mbuzi wangu. Aliyemtia kilema Bi Time avimbe tumbo mpaka apasuke, na asipate wa kumzika."

Bi Time akamtazama mama, kisha akanitazama mie, kitambo.

"Borafya, punguza maneno."

"Sipunguzi hata moja."

Mbuzi mwenyewe alikuwa ndiye mali yake pekee. Alimpenda Bi Time, na aliwachukia wale wa upande wa pili, na vyote viwili vilimpanda kichwani mara moja. Hakumdhania mwanawe hata dakika.

Siku tatu zile sikula. Kila nikimtazama Mabrouk naliona tumbo lake.

Alhamisi, adhuhuri, nikamwambia, "Ipeleke mwenyewe."

"Siwezi. Usi ataniua."

"Usipoipeleka utakufa, nami nitakufa pamoja nawe kwa kukuficha."

Akakaa kitandani, kashika kichwa. Basi nikavaa buibui langu, nikauchukua ule mkeka na kilichomo, nikatoka. Mlango wetu na baraza ya Bi Time ni hatua sitini. Watu wanatazama. Aliyedhani nabeba mkeka wa kukalia, alidhani hivyo mpaka nilipoukunjua.

Pale chini palikuwa pashawekwa mbili. Gobore la Usi, na la Kificho. Kila mmoja kakaa pembeni mwa lake, wanaangaliana kwa jicho la chuki, lakini wamezileta.

"Kumbe!" Usi akasema alipoiona yangu. "Ni nyie."

Mama akafika wakati huo huo, chetezo mkononi kinafuka moshi. Akaiona bunduki, akauona mkeka. Mkeka alikuwa kaushona mwenyewe.

"Wanu. Umeutoa wapi?"

"Uvunguni kwa Mabrouk."

Chetezo kikamwanguka, makaa yakatawanyika barazani.

Nyuma yake Mabrouk anakuja, miguu mitupu. Alinifuata.

"Ni mie," akasema. "Wanu hana kosa."

Usi akamrukia. Bi Time akamzuia kwa ule ule mkono wa vitambaa.

"Mguse, kisha bintiyo akikaribia kuzaa usibishe hodi kwangu."

Usi akarudi kukaa, anahema.

"Mie nlimwona siku ile ile," Bi Time akasema. "Nimemshika hajafumbua macho, nishindwe kumjua nyuma ya makuti? Ningemtaja, mngemuua, wa kwao wangelipiza, na bunduki zingebaki majumbani. Nlizitaka zote hapa."

"Na mwalimu wa kusoma yuko wapi?" mama akauliza. Sauti ilikuwa si yake.

"Sikumwita mwalimu, Borafya. Halbadiri haikuwa isomwe. Nisome nimuue mwana nliyemzalisha mwenyewe?"

Mama akakaa chini juu ya majivu.

"Mie nshaisomesha," akasema. "Juzi. Nlikwenda Makunduchi na mbuzi wangu. Nlitaka isomwe mara mbili isije ikakosa."

Hata Usi aligeuza uso.

Wanaume wa pande zote mbili walizibeba zile bunduki pamoja mpaka polisi, Mabrouk kati yao. Alifungwa miaka mitatu. Na toka siku hiyo Kikwajuni yetu ikawa na sharti moja la pande zote: nyumba itakayoingiza bunduki haizalishiwi, haichotewi maji, haiozwi. Tulikuwa hodari wa kususiana kwa upuuzi, tukajifunza kususa kwa la maana. Siasa haikwisha, matusi hayakwisha, lakini mtaani kwetu miaka ile bunduki haikulia tena.

Mama ndiye hakupona.

Mabrouk alipotoka jela, kila asubuhi mama alimwita, akamfungua shati, akamgusa tumbo. Mwanamme mzima, ana mke, ana watoto wanne, anasimama mbele ya mamake anangoja apapaswe. Hakumkatalia hata siku moja. Siku ya kufa kwake mama alinyoosha mkono kumtafuta, na Mabrouk akauweka tumboni mwenyewe.

Mabrouk kafa miaka kumi na nne iliyopita, kwa homa tu. Kabla maiti yake haijakoshwa niliomba waniache naye. Nikafunua shuka. Tumbo lilikuwa bapa, limelala, kama la mzee yeyote. Nikalia kwa ajili ya mama.

Basi nyie wa vidole gumba. Mlango mliofunga, bunduki imo ndani au nje? Na kabla hujaandika "alaaniwe," kainamie kwanza uvungu wa kitanda cha mwanao.