Betri Iliyotoka Mahali Pake

Wiki iliyopita blenda yangu iliungua nikisaga maparachichi. Harufu ya waya ulioungua ikajaa jikoni, ile harufu kali inayokwangua koo, na mwanangu akakimbia kufungua madirisha huku akinicheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilikaa kwenye stuli, nikajikuta Kishanda, kijijini kwetu, nina miaka kumi, nimesimama mbele ya pikapu ya Tata boneti ikiwa wazi, mikono imejaa grisi.

Nitakachowasimulia sijamwambia hata padri, na padri wetu ni msikilizaji mzuri sana.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alikuwa na pikapu ya dizeli iliyonizidi umri. Aliitumia kubeba ndizi na kahawa za watu hadi Kemondo na Bukoba mjini. Mlango wa abiria ulifunguka kwa nje tu, na kioo cha upande huo kilikuwa kipande cha plastiki. Lakini Tata aliipenda mno, mpaka Mama akawa anasema kwamba laiti angezaliwa na bomba la moshi, naye angependwa hivyo.

Mwaka ule gari liliacha kuchaji. Taa nyekundu yenye picha ya betri ilikataa kuzimika, na kila asubuhi tulilisukuma, sisi na majirani na yeyote aliyekosea njia akapita hapo. Tata akalipeleka Bilele, mtaa wa Bukoba mjini, kwenye gereji moja iliyokuwa na fundi umeme aliyeitwa Deo. Alikuwa kijana mpole, ndiyo kwanza ameoa, ameajiriwa na mwenye gereji aliyejulikana kwa ukali: gari likirudi kwa kosa la fundi, fundi anaondoka siku hiyo hiyo. Deo aliishusha altaneta, mtambo unaochaji betri, akaifungua juu ya gunia, akamwonyesha Tata kaboni zilizolika mpaka zikabaki vipande vidogo vya kutia huruma. Aliweka mpya, akabadilisha beringi, akakaza mkanda, kisha akapima betri injini ikinguruma.

"Volti kumi na nne, mzee," alisema. "Sasa inachaji."

Tata alirudi akimsifu hadi kanisani.

Wiki mbili baadaye senene, wale panzi wa kuliwa, wakashuka. Anayewajua Wahaya anajua kwamba msimu huo hata watu wenye akili zao huziweka kando kwanza. Kijijini umeme ulikuwa haujafika, na baba mdogo Rwega, mdogo wake Tata, akaamua kwamba betri ya pikapu ingewasha taa yake ya kuvutia senene hadi kuche. Aliichukua bila kuomba. Jumapili asubuhi, Tata akiwa misa ya kwanza, tukairudisha. Baba mdogo aliibeba, mimi nikapewa kazi ya kufunga nyaya kwa sababu mikono yangu midogo ilipenya vizuri. Aliiweka imegeuka, chanya mahali pa hasi. Sikutazama alama. Nilifunga kila waya upande niliozoea kumwona Tata akiufunga. Kishikizo kimoja kikakataa kuingia, nikakigonga kwa spana.

Cheche ziliruka, moshi mwembamba ukatoka kwenye altaneta, na harufu ile ikanipanda puani. Baba mdogo alizing'oa nyaya, akaigeuza betri, akawasha gari. Likawaka.

"Unaona? Limewaka," alisema, jasho likimtoka. "Koku, usimwambie mtu."

Akanipa bakuli la senene wa kukaanga. Bibi, ambaye enzi zake wanawake waliwanyonyoa senene lakini hawakuruhusiwa kuwala, alinitazama nikitafuna akasema watoto wa siku hizi hatuogopi chochote. Laiti angejua nilivyokuwa nikiogopa.

Kesho yake tulitoka na mzigo wa ndizi. Nilikuwemo, kwa kuwa nilikuwa nakwenda kununuliwa viatu vya shule. Taa nyekundu iliwaka njia nzima, na Tata akaendelea kuendesha. Kemondo alizima injini ili apakie mikungu mingine. Alipojaribu kuwasha, starta ikatoa mlio mmoja mdogo, basi. Wabebaji mizigo walitusukuma mpaka likakubali, na toka hapo Tata hakuthubutu kuzima hadi Bilele.

Deo alilipokea gari kwa heshima zote. Aliifungua tena altaneta juu ya gunia lile lile, akaikagua taratibu, kisha akainua uso, akaanza kwa neno letu la heshima.

"Waitu mzee, kaboni nilizoweka hizi hapa, nzima. Zilizoungua ni daiodi, hizi zinazopitisha umeme upande mmoja tu, na huungua hivi betri ikifungwa kinyume. Nani aliitoa betri?"

"Betri haijatoka mahali pake," Tata alisema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Wewe umeniwekea vitu vya kuokota!"

Watu wakasogea. Mwenye gereji akatoka ofisini, mikono kiunoni. Deo akarudia maneno yake, safari hii kwa mwenye gereji, kwa sababu alijua kibarua chake kinaota nyasi. Ndipo Tata akanigeukia.

"Koku, wewe ndiye unashinda nyumbani. Kuna mtu aligusa betri? Hakuna, sivyo?"

Deo alichuchumaa mbele yangu, uso wake ukawa sawa na wangu. "Sema tu, mwanangu. Hakuna atakayekupiga."

Nikamtazama Tata. Nikasema, "Hakuna."

Deo alijifuta mikono, akatenga spana zake na za gereji, akaondoka na kiboksi chake kabla ya saa sita mchana. Fundi mwingine alitufungia altaneta ya mtumba. Viatu nilinunuliwa, vyeusi, vya kung'aa, nami nikavichukia mpaka vilipochakaa. Baadaye tulisikia kwamba hakuna gereji mjini iliyompokea. Walimwita yule wa kuunguza magari. Yeye na mkewe wakahama, wengine wakasema wamekwenda Biharamulo, wengine Geita.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia Tata nikamweleza yote. Alikuwa ameketi uani akianika kahawa. Mkono wake ukasimama.

"Nilijua," alisema.

Jumapili ile, baada ya misa, alikuwa amefungua boneti kuangalia oili, akakuta senene wamekufa kwenye kikalio cha betri. Akajua ni kazi ya Rwega, akanyamaza. Kesho yake Deo alipotamka tu kwamba betri ilifungwa kinyume, alielewa kila kitu.

"Basi kwa nini uliniuliza mimi?"

Alirudi kuitandaza kahawa. "Nilikuwa nimeshapaza sauti mbele za watu, Koku. Ningerudi vipi nyuma? Nikamwaibishe ndugu yangu kwa watu wa mjini?"

Nilikasirika, na bado nina hasira. Miaka yote niliamini kwamba uongo ule ni wangu peke yangu. Sasa naelewa kwamba Tata aliniwekea jibu mdomoni, nami nikalimeza kwa kuwa lilitoka kwake. Naelewa pia kwa nini Deo alichuchumaa. Alikwishaona kwamba kwa mkubwa hakuna msaada, akajaribu kwa mtoto.

Nilimwomba Tata twende tukamtafute. Akasema jua ni kali. Nikaenda peke yangu hadi Bilele. Gereji haipo, pamejengwa duka la mabati. Kijana wa dukani alikuwa mwema, akachukua simu awaulize mafundi wa zamani anaowafahamu.

"Anaitwa Deo nani, dada?" akaniuliza.

Nikasimama pale kaunta, nikamwambia ni Deo tu. Tulimharibia mtu jina lake, na hata hilo jina sikuwahi kulijua lote.