Sauti Kwenye Mdomo wa Shimo

Émérence alizaliwa Shituru, katika nyumba za kampuni, karibu na kiwanda cha shaba kiasi kwamba mama yake alifuta vumbi la kiwanda mezani kabla ya kila mlo. Baba yake alifanya kazi kwenye tanuru. Binti alisoma katika shule ya Mulungwishi mpaka karo ilipokosekana, akarudi Shituru na kuolewa na Bertin, mchimbaji wa madini. Tangu hapo kazi yake ikawa kuosha mawe. Bertin na wenzake walitoa magunia ya mawe kwenye mashimo waliyochimba mlimani, juu ya mto. Yeye na wanawake wengine walisimama mtoni na vichujio, wakitenganisha udongo na madini ya kijani. Mikono yake ilichubuka, ikapona, ikachubuka tena.

Wanawake mahali pao palikuwa mtoni. Mlimani hawakupanda. Wachimbaji waliamini kwamba mwanamke akikaribia mdomo wa shimo, madini hukimbia na ukuta huporomoka. Waliamini pia jambo jingine, ambalo wanawake walilicheka wakiwa peke yao: kwamba sauti ya kike ikisikika ndani ya shimo, ni roho ya mlima inayoita watu, na atakayeitika hatoki tena.

Kaka yake, Urbain, alirithi kazi ya baba yao kiwandani. Lakini umeme ulikuwa haba, tanuru likazimwa, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani bila mshahara. Ndipo habari ya mlima ilipoingia katika kampeni za uchaguzi. Mgombea mmoja, Honorable Hilaire, alitaka mashimo yafukiwe na paneli za jua zitandazwe mlima mzima, ili kiwanda kipate umeme na watu warudi kazini. Mpinzani wake, Mama Clémentine, aliwatetea wachimbaji. Siku waliyokutana kwenye soko la Kikula, Hilaire alisema madini yataisha lakini jua haliishi.

"Basi mutakula jua!" Mama Clémentine alimjibu. "Mutalipika na majani ya sombe!"

Watu walicheka. Kisha jiwe likarushwa, na kicheko kikaisha. Meza za wauza samaki zilivunjwa ili miguu yake iwe marungu. Mwanamume mmoja aliyevaa fulana ya kampeni ya Hilaire alikanyagwa mpaka mbavu zikavunjika, na alipoomba maji walimmwagia maji ya samaki usoni.

Jioni hiyo Urbain alifika kwa dada yake akiwa na jeraha kichwani. Bertin alikuwa anakula.

"Shemeji, ni bachimbaji benu banapiga bantu hivi?" Urbain aliuliza.

"Na benu banataka kutuzika. Kaa, ukule."

"Minye siko na kazi tangu mwaka jana. Courant ya jua ikikuja kiwandani, nitarudia kazi."

"Na minye nitaenda wapi? Nitaenda kupangusa jua?"

"Yaya, kula kwanza," Émérence alisema, akimsukumia kaka yake mkubwa bakuli. Urbain hakulishika. Aliondoka bila kuaga.

Juma lililofuata, asubuhi, tingatinga lililoletwa na Hilaire lilipanda mlima kufukia mashimo. Mbele yake walitembea polisi. Nyuma yake walikuja wafanyakazi wa kiwandani na vyuma mikononi, na Urbain alikuwa miongoni mwao. Wachimbaji waliwapokea kwa mawe. Polisi mmoja alipigwa jiwe mdomoni, akatema meno, akafyatua risasi. Plamedi, kijana aliyekuwa anavuta kamba kwenye shimo la Bertin, alianguka akishika shingo yake, na damu ikapita katikati ya vidole. Wavuta kamba wengine walikimbia.

Kutoka mtoni Émérence aliyaona yote. Bertin alikuwa ameshuka alfajiri pamoja na Divin, mwenzake. Sasa hapakuwa na mtu kwenye kamba yao, na tingatinga lilikuwa linafukia shimo la jirani.

Aliacha kichujio kikaenda na maji, akapanda mbio. Katikati ya mlima alikutana na Mzee Michée, mkuu wa mashimo, ameshika koleo.

"Rudia chini! Mwanamuke hapite hapa!"

"Papa Michée, Bertin iko ndani!"

"Unataka kumuua? Rudia!"

Nyuma yake mashimo yalikuwa yanafukiwa moja baada ya jingine, lakini Michée aliligeuzia tingatinga mgongo na kumpiga mwanamke kwa mpini wa koleo. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili mdomoni. Émérence alianguka, akashika mchanga, akamtupia machoni. Mzee akipapasa, yeye alitambaa mpaka kwenye mdomo wa shimo la mume wake.

"Bertin! Bertin, panda! Banafukia!"

Aliita tena, na tena kwa jina la Divin, mpaka sauti ikakwaruza. Hakuna aliyejibu.

Tingatinga liligeuka na kuelekea hapo. Urbain, aliyekuwa anatembea mbele yake akimwelekeza dereva, alimwona dada yake na kukimbilia kwake.

"Toka hapo! Batakuponda!"

"Bertin iko chini."

"Umeita, hakuna muntu. Bangeitika."

Hapo Émérence alielewa. Walimsikia vizuri, ndiyo maana walinyamaza. Alimshika kaka yake kola kwa mikono miwili.

"Sauti ya mwanamuke habaiitikie! Ita weye, Yaya. Ita weye!"

Urbain hakuelewa, lakini alipiga magoti na kuita. "Shemeji Bertin! Minye, Urbain!"

Kutoka chini, mbali, wanaume wawili walipiga kelele kwa pamoja.

Bamba la tingatinga lilikuwa tayari linasukuma udongo, na udongo ulianza kumiminika shimoni. Urbain alirukia ngazi ya mashine na kuvunja kioo cha dereva kwa chuma chake. Dereva, vipande vikimchoma mashavu, alizima injini na kukimbia. Urbain alirudi, akatupa chuma, akazungusha kamba kiunoni na kuanza kuvuta.

Michée, aliyekuwa amefuta mchanga machoni, aliona mambo mawili tu: mwanamke kwenye mdomo wa shimo, na mtu wa kiwandani ameshika kamba ya wachimbaji. Alimpiga Urbain kwa makali ya koleo kati ya shingo na bega. Urbain aliguna na kuendelea kuvuta. Émérence alimrukia mzee na kumng'ata mkono, lakini alitupwa pembeni, na koleo likashuka tena. Kichwa cha Divin kilitokea. Akajivuta nje, akaona damu, akamkumba Michée mpaka wote wawili wakabingirika mtelemkoni.

Bertin bado alikuwa chini, kwenye ncha ya kamba. Urbain alikuwa amepiga magoti, shati lake lote jekundu, na Émérence alikaa nyuma yake, akaishika kamba pamoja naye. Walivuta. Bertin alipotoa viwiko vyake juu ya ardhi, Urbain alilala ubavu, na kamba ikabaki imemkaza kiunoni. Alikuwa ameacha kupumua.

Bertin aliifungua kamba. "Nilikusikia," alimwambia mke wake. "Divin alitaka kuitika. Minye nilimufunga kinywa."

Émérence alimpiga kofi, kisha ngumi kifuani, usoni, popote mkono ulipofika, na Bertin hakujikinga. Alipochoka alimshika kaka yake kwapani.

"Shika miguu," alisema.

Walishuka naye kati ya watu waliokuwa bado wanapigana. Waliowaona walisogea. Wengine hawakuwaona, na jiwe moja lilimpiga Bertin mgongoni. Aliyumba, akaendelea kutembea, bila kuiachia miguu ya Urbain.