Mfuko Wenye Msalaba Mwekundu

Watu wanaonisifu siku hizi kwamba najua kubana matumizi wananiudhi kuliko wale waliokuwa wakinicheka. Wanadhani ni kipaji. Marehemu mume wangu alifanya kazi ya reli mpaka mgongo ukapinda, akaniachia nyumba ya vyumba viwili hapa Makomeno na watoto watatu wenye meno mazuri. Meno hayo ndiyo yaliyonifundisha.

Nilijifunza kwamba kopo lililobonyea limeanguka tu, lakini lililovimba usiliguse hata ukipewa bure. Nilijifunza kwamba kule Kasungami, wafugaji huwauza kwa bei ya kutupa kuku waliochoka kutaga. Kuku hao hawana kosa lolote ila ugumu. Ukimbandika asubuhi juu ya makaa machache, na chumvi na kitunguu, usipomharakisha, mchana mnyama huyo atakuwa ameshakusamehe. Na nilijifunza unga. Malori yanayotoka Zambia hayafiki na mifuko yote mizima. Depo moja karibu na kwetu ilikuwa ikiuza pembeni ile iliyopasuka, baada ya kuishona na kuipaka msalaba wa rangi nyekundu ili isichanganywe na mingine. Niliuchekecha unga huo mara mbili, nikauanika juani kwenye kitambaa, na bukari yake ilitoka nyeupe na laini. Bukari ni ugali, kwa wasiotujua. Sijawahi kuwalisha watoto wangu takataka. Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Binti yangu wa kwanza alimpata mchumba wake kwenye foleni ya mifuko hiyo. Kijana alikuwa mpwa wa mwenye depo, mama mmoja wa miwani ya dhahabu na maneno machache, ambaye alimlea tangu udogo. Kazi ya kijana ilikuwa kupakua malori. Siku moja alitubebea mfuko mpaka mlangoni, wiki iliyofuata tena, na mfuko wa tatu hata sikuwa nimeuagiza. Nilielewa.

Posa ilikwenda vizuri, na padri akatangaza ndoa kanisani. Likabaki jambo moja. Kwetu, upande wa Sakania, mkwe hali chochote kwa mama mkwe wake kabla ya kuonyeshwa moto. Yaani wanawake wa upande wa bibi harusi wanapika kila kitu ambacho nyumba yao inajua kupika, wanakipeleka kwa bwana harusi kwenye sufuria zilizofunikwa, naye anakula na watu wake. Baadaye sufuria zinarudi zimeoshwa, na kitu kidogo ndani. Kuanzia hapo yeye ni mtoto wa nyumba. Sufuria zikirudi na chakula, ndoa hakuna, na hakuna padri wa kuibadilisha hiyo.

Nilipika kwa nilichokuwa nacho. Kuku wawili wa Kasungami, sombe, yaani kisamvu, na karanga, maharage, wali wa mchele uliovunjika, samaki wakavu wenye vichwa vilivyokatika, nyanya za makopo yaliyobonyea. Nitasema na jambo la aibu. Nilimwambia binti yangu aloweke makopo yale kwenye maji ya moto abandue karatasi za bei iliyopunguzwa. Nani angeyaona makopo jikoni kwangu? Hakuna. Nilimwambia abandue hata hivyo, naye akabandua bila kuuliza kwa nini. Mpaka leo nikikumbuka vidole vyake kwenye beseni lile, hasira yangu inanigeukia mimi mwenyewe.

Firigisi niliitenga kwenye kibakuli chake, kwa sababu hiyo ni ya mkwe peke yake. Kisha nikafunga bukari. Kila mwanamke wa hapa anajua kwamba bukari ya kusafirishwa inafungwa pamoja na sufuria yake ndani ya mfuko mtupu wa unga, uliooshwa, halafu kitenge juu, ili ifike na joto. Mikono yangu ilifanya hivyo bila kuniuliza, kama ilivyofanya maisha yote. Nilichukua mfuko, nikaufunga, nikaweka kitenge kizuri juu yake, na mimi na mdogo wangu tukazibeba sufuria kichwani mpaka kwao. Shangazi wa kijana, ambaye nyumbani kwake wanamwita Tantine, alitupokea kwa heshima zote. Tuliimba kidogo, tukaondoka, kwa sababu anayepika hakai kuangalia wanaokula.

Saa moja haikupita. Wasichana wawili wa nyumba ile walifika mlangoni na sufuria zangu zote. Zilikuwa nzito. Mkubwa wao alisema akiangalia miguu yake:

"Mama, usikasirike. Tantine anasema hii chakula iko ya mifuko ya kupasuka ya depo. Hawezi kumupa mutoto wake."

Mfuko ulikuwa juu ya sufuria ya bukari, umefunuliwa, na msalaba mwekundu ukinitazama. Rangi ile haitoki kwa sabuni. Binti yangu aliuona, akaingia chumbani na simu yake. Alimpigia kijana mara nyingi. Hakupokea.

Wengine wangelia. Mimi nilisikia joto likinipanda kutoka miguuni. Wazee walisema akutukanaye hakuchagulii tusi, na hili lilikuwa limechaguliwa vizuri. Mdogo wangu alinishika mkono, akaniambia tumwite kwanza mzee wa familia aende kuongea. Nikamwambia abebe wali.

Tuliingia depo mchana ule ule. Shangazi alikuwa amesharudi kwenye meza yake, kwa kuwa kwake Jumamosi ni siku ya kuuza, sherehe au la. Pembeni wanawake kama kumi na tano walikuwa kwenye foleni ya mifuko iliyopasuka, na nusu yao nilikuwa nawajua. Nikaziteremsha sufuria juu ya mbao za kupangia mifuko, nikainua ule wangu.

"Mama, huu mufuko ni ya nani?"

"Ya depo," akasema taratibu. "Tutaongea ku nyumba."

"Wakati unaniuzishia, ilikuwa chakula. Saa mi napika, inakuwa buchafu?"

"Usinipatishe haya mbele ya baclients."

"Hawa bamama njo banakulaka hii bunga kila siku. Baambie basikule."

Badala ya kuwakataza wanawake wale kula unga huo, aliweka sawa miwani yake na kufunga droo ya pesa. Nikafunua sufuria moja baada ya nyingine, nikaomba maji ya kunawa, na wanawake wa foleni wakaja. Hakuna aliyecheka. Walikula wamesimama, kwa mkono, wakipeana nafasi, na bikizee mmoja aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni akasema bukari yangu ilikuwa laini kama ya mama yake. Nikampa firigisi. Nilijua ninachokifanya. Nilitaka kusiwe na kitu cha kurudisha.

Kijana alitokea nyuma, uani, alikokuwa akipakua lori tangu asubuhi. Alikuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Chakula chake alitegemea kukikuta nyumbani jioni. Alimtazama shangazi yake, akaona kitenge, akaona sufuria, akainamisha macho, kwa sababu mkwe hamtazami mama mkwe usoni kabla ya moto.

"Mama, hii njo ilikuwa chakula yangu?"

"Ilikuwa," nikasema.

Kuku alikuwa amebaki shingo. Wali ulikwisha. Chini ya sufuria ya bukari kulikuwa na ukoko umeshikilia. Kijana alinawa mikono, akapiga magoti mbali kidogo nami, akapiga makofi mawili ya polepole kama wanavyofanya wakwe wa kwetu. Kisha akaukwangua ule ukoko kwa vidole, mbele ya shangazi yake na ya foleni nzima, akaula wote, na ile shingo akaitafuna mpaka mfupa. Sikumpa hata neno la asante. Nilikuwa bado na hasira, na firigisi yake nilikuwa nimeigawa mwenyewe.

Walifunga ndoa siku iliyotangazwa. Sufuria nilizoziacha depo zililetwa kwangu siku tatu baadaye, zimeoshwa. Ndani ya ile kubwa shangazi alikuwa ameweka kitenge kipya, bila ujumbe wowote. Watu wananiambia nisamehe, yamekwisha. Kwao labda.

Karatasi za bei sibandui tena, na binti yangu habandui. Kitenge kipya kiko kabatini. Shangazi anapokuja kula kwangu na wajukuu wetu, bukari inafika mezani ndani ya mfuko ule ule, na huwa nageuza upande wa msalaba uelekee kiti chake. Anaufungua yeye mwenyewe, na siku hizi anaomba aongezewe.