Filimbi Niliyopuliza Mtoto Akiwa Kifuani

Nilipuliza filimbi mtoto akiwa bado ananyonya. Sikupanga. Ilikuwa inaning'inia shingoni kama kawaida yake, nikaishika kwa mkono uliokuwa huru, nikapuliza ule mlio mrefu wa kusimamisha mchezo, na uwanja mzima ukasimama. Waamuzi wenzangu waliokuwa wameshaanza kukimbia wakaganda palepale, mmoja mguu uko juu, maana mwili wa refa umefundishwa hivyo: ukisikia filimbi unasimama kwanza, maswali baadaye. Mwanangu akashtuka, akaacha ziwa, akanitazama kama mimi ndiye niliyemkosea.

Msimamizi wa majaribio akageuka. "Nani kapuliza?"

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Muda wa mapumziko haujaisha. Umewaachia kabla ya wakati, na jina langu umelikata."

Nieleze, maana huenda mambo haya huyajui. Refa hapandi daraja kwa kujua sheria peke yake. Tunakimbizwa. Kwanza mbio fupi za kasi, kisha mapumziko, kisha tunauzunguka uwanja, kukimbia na kutembea, kukimbia na kutembea, mpaka msimamizi atosheke. Ukianguka sehemu moja, msimu mzima unarudi kuchezesha mechi za shule za msingi. Kilichokuwa mbele yangu siku ile kilikuwa beji ya daraja la juu, ambayo bila hiyo hupangwi mechi za ligi, na ambayo nilikuwa nimeikosa mwaka uliotangulia kwa sababu nilikuwa mjamzito.

Mbio fupi nilizimaliza, tena nikawaacha nyuma wanaume kadhaa. Yakaitwa mapumziko. Nikaenda pembeni alipokuwa ameketi mama mkwe wangu na mtoto, nikajifunika mtandio, nikanyonyesha. Wenzangu walikuwa wanakunywa maji. Mmoja alikuwa anavuta sigara, na huyo hakuna aliyemuuliza kitu. Msimamizi akaniona nimekaa chini, akatazama saa yake, akawaita wengine mstarini, akawaachia. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia msaidizi wake, "Huyo mkate. Mpira hauchezeshwi huku maziwa yanamwagika." Wakacheka wote wawili.

Ndipo nilipopuliza.

Sasa, watu wa mtaani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, wanasema nina hasira za karibu. Si kweli. Hasira zangu zinatoka mbali sana, ila siku ile ndiyo zilifika.

Filimbi niliipata shuleni. Nilikuwa kidato cha pili, timu ya wasichana inacheza, mimi ni mchezaji wa akiba ambaye haingizwi hata tukiwa tunafungwa. Refa hakutokea. Mwalimu wa michezo akatazama benchi, akanirushia filimbi, akasema, "Wewe unayelalamika kila siku, haya, kalalamike katikati ya uwanja." Watu wakacheka. Nikaingia. Mpira ulipoanza niligundua kitu ambacho sijawahi kukieleza vizuri kwa mtu: kwamba macho yangu hayaendi kwenye mpira. Yanaenda kwenye viwiko, kwenye jezi inayovutwa, kwenye mguu uliochelewa. Vitu ambavyo watu huapa havikutokea, mimi huviona. Nilitoka uwanjani pale nimeshachagua, wala sikumuuliza mtu ushauri.

Nilipomaliza kidato cha nne kila mtu alikuwa na shughuli ya kunipa. Shangazi akataka nijifunze ushonaji. Rafiki yangu alikuwa anafungua saluni Usagara, akanibembeleza tushirikiane. "Urefa fanya Jumamosi," akaniambia, "siku nyingine suka watu nywele. Kwani shida iko wapi?" Shida ilikuwa kwamba Jumamosi haitoshi. Nikakataa saluni, nikakataa cherehani, nikakataa na harusi nyingi ambazo zilianguka siku za mechi, na kukataa harusi Tanga si jambo dogo. Mpaka leo wapo ndugu wanaonijibu salamu kwa kichwa tu. Wakati wa kupika nilikuwa nabandika ukurasa wa sheria ukutani, juu ya mafiga, unapata moshi mpaka hausomeki, nabandika mwingine. Nilikwenda mabanda ya kuoneshea mpira, mwanamke peke yangu kati ya wanaume, wao wanashangilia magoli, mimi natazama refa anasimama wapi. "Dada, goli hilo, hushangilii?" Nikawaambia mnyoosha kibendera amechelewa kuinua. Wakanihama benchi.

Asubuhi nilikuwa nakimbia kuzipita zile barabara za Ngamiani moja baada ya nyingine, watu wako juu ya baiskeli wanakwenda sokoni. Kulikuwa na mzee mmoja wa baiskeli niliyekuwa napishana naye kila siku. Siku ya kwanza alinipunguzia mwendo kwa huruma: "Mwanangu, kuna anayekufukuza?" Nikamwambia, "Shikamoo baba, hapana, nafanya mazoezi." Kesho yake akauliza, "Hajakukamata tu?" Na kesho yake tena. Hiyo ikawa ndiyo salamu yetu. Nilipoolewa na kupata mimba nikawa natembea badala ya kukimbia, akasimamisha baiskeli kabisa. "Naona leo kakukamata," akasema, akaondoka anacheka mwenyewe.

Mume wangu ni fundi umeme wa magari, mtu mpole, alinioa akijua. Lakini kujua kabla ya mtoto na kujua baada ya mtoto ni mambo mawili. Nilipojifungua alisema, kwa upole huohuo, "Sasa mke wangu, hili la mpira tulipumzishe." Hakusema niache. Alisema tulipumzishe. Nilimjibu vibaya, na tukakaa siku kadhaa tunaongea mambo ya nepi tu.

Nilikuwa ndani, sijatimiza arobaini. Mama mkwe alikuwa amehamia kwetu kuniangalia: ananikanda maji ya moto, ananipa uji wa pilipili manga mpaka kifua kinawaka, ananikataza kutoka, kuinama, kukaa kwenye upepo. Sikuwa na ruhusa ya kukimbia, na kwa kweli hata mwili haukuwa na ruhusa. Lakini ishara hazihitaji mbio. Asubuhi, baada ya sala, mtoto kalala, nikatoka uani. Nikashika nepi kuwa ndiyo kibendera. Nikawa natembea ubavuubavu kando ya kamba ya nguo, uso nimeugeuza kwa wachezaji wasiokuwepo, naganda, nainua nepi juu, natulia hivyo, naishusha, naonesha upande. Halafu naanza tena.

Nikageuka, nikamwona mama mkwe kasimama mlangoni, mkono mdomoni.

Hakupiga kelele. Alikuja taratibu, kwa adabu kubwa, akachuchumaa mbele yangu kama mtu aliyefika kwa wakubwa. "Karibu," akasema kwa sauti ya chini. "Karibu sana. Mgonjwa wetu huyu ni mzazi mchanga, msimuumize. Semeni mnachotaka, tutawapa."

Mimi, akili yangu bado iko kwenye kuotea, nilidhani ananiuliza mimi. Nikamjibu ukweli. "Nataka uwanja, mama."

Akainuka, akaingia ndani. Muda si mrefu uani kote kunanuka ubani, na yeye anakuja na bakuli la kombe, yale maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa marashi. Nilikunywa lote. Nilikuwa na kiu. Ndipo nilipoelewa kwamba mama wa watu ameona nimepandisha pepo.

"Mama, mimi mzima. Nafanya mazoezi ya urefa."

"Ndiyo," akasema. "Wote husema hivyo."

Nikamweleza kibendera, nikamweleza kuotea, nikamwonesha ishara moja moja na maana yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na hiki kitu kilikuingia lini?"

"Kidato cha pili."

"Kimewahi kukutoka?"

"Hapana."

"Hata ulipokuwa na uchungu wa kuzaa?"

Nikafikiri. Nikakumbuka kwamba katikati ya uchungu, muuguzi alipokuwa ananihimiza, mimi nilikuwa nimeshika mwendo wa pumzi kama wa mazoezi ya kuzunguka uwanja. "Hata siku hiyo, mama."

Jioni mume wangu aliporudi alimkuta mama yake anamsubiri barazani. Nilikuwa ndani nasikia kila neno. "Mwanangu, mkeo ana kitu chake, nacho kimeshasema kinataka nini. Kinataka uwanja. Kitu kikishasema kinachotaka, halafu wenye nyumba wakakinyima, unajua kinachofuata. Mpe."

"Mama, ni mpira tu huo."

"Sikukuuliza jina lake. Nimesema mpe. Mtoto nitamshika mimi."

Mpaka leo sijui kama aliamini nina pepo au aliona tu kwamba hiyo ndiyo lugha ambayo mwanawe hawezi kubishana nayo. Nimemuuliza. Anacheka, anabadilisha mazungumzo. Ila najua hili: watu wengi waliosoma kuliko yeye waliniuliza urefa utanipeleka wapi, na yeye peke yake aliuliza kama umewahi kunitoka.

Basi tukawa tunakwenda wote. Mechi ya kwanza baada ya uzazi ilikuwa Moa, karibu na mpaka wa Kenya, sisi watatu juu ya bodaboda mbili. Uwanja ni mchanga, mbuzi wanapita kwenye eneo la penalti kana kwamba wamesajiliwa. Mashabiki walianza kabla hata sijarusha sarafu. "Refa, wali unaungua huko kwako." "Refa, mumeo anakutafuta." Mama mkwe, mtoto mgongoni, akawajibu kutoka pembeni, "Wali nimepika mimi, na mume wake nimemzaa mimi. Tazameni mpira."

Dakika za mwisho beki wa wenyeji alivuta jezi ndani ya boksi. Hakuna aliyeona. Mimi niliona. Nikaonesha penalti, wakanizunguka, wananipigia kelele usoni, maziwa yamenijaa kifua kinauma, na mimi nimesimama kwenye alama ya penalti sisogei. Ikapigwa, ikaingia, wakafungwa. Mpira ulipokwisha yule beki akanifuata. Nilidhani anakuja kunitukana. Akasema, "Mama, umetufungisha." Kisha, kwa sauti ndogo, "Lakini umeona." Mechi yao iliyofuata, Moa waliomba wenyewe waletewe yule mama wa mtoto.

Huyo ndiye mtu ambaye msimamizi alimkata jina kwa kuwa alimwona amekaa chini.

Baada ya filimbi, msimamizi alinijia mpaka usoni. Kuna sentensi alizianza, hazikufaa kuandikwa. Mama mkwe akasimama kati yetu, mtoto begani, akampigapiga mgongo acheue huku anaongea. "Baba, huyu usimzuie. Ana kitu chake."

"Bibi, tafadhali, haya ni majaribio ya kitaalamu."

"Nami nilikuwa natazama. Wale wanakunywa maji, huyu ananyonyesha. Wewe umewakimbiza wenye maji."

Akawageukia wengine. Aliwaambia waanze upya sehemu ya pili, wote, isipokuwa mimi. Niliwatazama wakikimbia nilikokuwa nikiota kukimbia mwaka mzima, na sikulia, ingawa watu wameshasimulia kwamba nililia.

Wiki iliyofuata nikaitwa ofisini kwa kamati ya waamuzi. Katibu alikuwa mtu mwema, nataka kumtendea haki. Akanikaribisha kiti, akanisogezea karatasi nyeupe na kalamu. "Andika kuomba radhi, dada, mistari michache tu. Filimbi ile ilikuwa utovu wa nidhamu. Ukiomba radhi, jambo linakwisha, mwakani unajaribu tena."

Mwakani. Nikaitazama ile karatasi. Nikafikiria saluni ya Usagara ambayo sasa ina viti vingi na rafiki yangu ana furaha yake. Nikafikiria kurasa zilizopata moshi ukutani. Nimechagua kitu kimoja maishani, kimoja tu, nikakataa vingine vyote, na mtu ananiambia mwakani kana kwamba nimekuja kununua vitunguu nikakuta vimekwisha.

Nikachukua kalamu. Niliandika palepale mezani kwake, kwenye karatasi yake ya radhi, mtoto amelala mapajani. Katibu alikuwa anasoma juu chini kutoka upande wake, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kukuna shingo. Nilipomaliza nilimwomba agonge muhuri wa kupokea. Akagonga. Kabla ligi haijaanza waliniita nikakimbie, nikakimbia, na beji ninayo, imeshonwa kwenye jezi yangu na mama mkwe kwa mkono wake. Yule mzee wa baiskeli nilipomwonesha alisema, "Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unamfukuza." Lakini nililoandika siku ile niliandika nikiwa sina beji wala ahadi, na ninataka libaki kama lilivyokuwa:

"Yah: Kukatwa jina langu wakati wa mapumziko.

Mimi ni mwamuzi niliyeshiriki majaribio ya utimamu wa mwili. Sehemu ya kwanza nilifaulu. Wakati wa mapumziko nilimnyonyesha mwanangu, na msimamizi akaanzisha sehemu ya pili kabla ya muda kwisha, akakata jina langu, akasema maneno kuhusu maziwa ambayo msaidizi wake aliyasikia na anaweza kuulizwa. Mama mkwe wangu aliona yote na yuko tayari kuja kusema.

Nimeambiwa niombe radhi kwa kupuliza filimbi. Ni kweli nilipuliza, na siku ile sikuwa mwamuzi wa uwanja ule. Niliona kosa, na filimbi nilikuwa nayo. Kwa hilo siwezi kuomba radhi, kwa sababu ndicho mlichonifundisha.

Naomba nikimbie sehemu ya pili msimu huu, si mwakani. Siku yoyote mtakayopanga nitafika, na mtoto nitakuja naye kwa kuwa ananyonya. Atakaa pembeni na bibi yake. Naomba muda wa mapumziko uwe mmoja kwa wote, na atakayeshika saa atazame saa."