Somo la Nyantende

Katika idara yetu ya Kiingereza, hapa Bukavu, mimi ndiye niliyekuwa nikiwapigia wenzangu kelele kuhusu njia ya mazungumzo. Walimu tunaowaandaa, nilisema, wawaache watoto waongee mambo yao, si kukariri tu. Wenzangu walicheka. Madarasa ya watoto sabini, mtihani wa serikali ni sarufi tupu, mazungumzo ya nini? Aliyepinga zaidi ni mzee mmoja aliyenifundisha mimi mwenyewe. Yeye alikuwa na majibizano yake ya salamu ya kukariri, mistari minane, na baada ya mstari wa tatu alikuwa akikohoa kidogo, miaka yote.

Asubuhi moja yenye ukungu nilikwenda shule ya Nyantende, nje ya mji, kumkagua mwanafunzi wetu aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa nimemwomba ajaribu njia yangu. Akawaambia watoto wageukiane, wawili wawili, waongee.

Wakageukiana. Wakaanza wote kwa pamoja, kwa sauti moja, yale majibizano ya mzee. Baada ya mstari wa tatu darasa zima likakohoa.

Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona mzee. Nilimuuliza msichana aliyekaa dirishani kwa nini wanakohoa.

“Ni vile iko, maman,” alisema. “Ni mu somo.”

Nikainuka, nikashika somo mwenyewe. Nikawaambia kwa Kiingereza chepesi: mwambie mwenzako jambo asilolijua. Ukungu ulikuwa umeziba madirisha, hata uwanja hauonekani. Kisha yule msichana akamgeukia jirani yake, akasema kwa Kiingereza, neno moja moja:

“Kaka yangu alipotea. Kila asubuhi anapiga hodi. Mama anasema tusifungue.”

Jirani yake hakushtuka. Alitafuta maneno, akauliza, “Wewe unafungua?”

“Bado.”

Hakuna aliyecheka. Watoto wote walikuwa wamegeuka kuutazama mlango wa darasa. Na mimi, mwalimu wa walimu, nilifanya nini? Nilimsahihisha kitenzi. Kisha nikaweka alama kwenye fomu yangu, mahali palipoandikwa kwamba wanafunzi wanapeana habari za kweli.

Niliporudi mjini nilimsimulia mzee ofisini kwake. Nilitegemea atanicheka. Alivua miwani.

“Unafikiri miye sikujaribu?” alisema. “Nilikuwa kijana kama weye. Muulize mutoto kitu ya kweli, atakujibu. Na ile jibu, utaipeleka wapi?”

“Wewe ulisikia nini, Prof?”

Alisema tu kwamba kesho yake, baada ya kusikia lile jibu, ndipo alipoandika ile mistari minane.

Kwa juma zima sikulala vizuri. Sikuwa na woga wa hodi. Nilikuwa na aibu ya kile kitenzi. Nikarudi Nyantende, bila fomu. Wakati wa mapumziko nilimkuta yule msichana amebaki darasani peke yake. Nikaketi kwenye dawati lake, nikamwambia pole, nilipaswa kuisema siku ile ile. Kisha nikamuuliza kama kaka bado anapiga hodi.

“Hapana, maman. Tangu niliisema mu Kiingereza, hapigi tena.”

Nilivuta pumzi. Nilidhani hiyo ni habari njema, hadi nilipomtazama usoni.

“Yeye hakusoma Kiingereza,” aliendelea. “Labda siku ile alinisikia pale mlangoni, alifikiri sisi ni watu wengine. Mama analia sasa. Anasema afazali ile hodi.”

Nje watoto walikuwa wakicheza, lakini sauti zao zilisikika kama zinatoka mbali sana.

“Maman,” alisema, “unifundishe namna ya kumuita mu Kiingereza. Akuwe anajifunza na yeye.”

Nikamfundisha. Maneno mawili tu, “Come home”, rudi nyumbani. Alirudia mara tatu, kila mara sauti ikishuka, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza, na mimi nikajikuta nasikiliza pamoja naye.