Vidole Vyangu Vilibaki Columbus

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Mimi sinywi, sivuti, na siku ile nilikuwa nimelala vizuri na nimekula nikashiba. Mchungaji wetu hapa Beechmont ameniombea mpaka amechoka. Daktari amenipaka dawa mpaka amechoka. Wote wawili nimewaambia wasinitafutie maelezo, maana yaliyonipata yalinipata kwa mkono wangu huu wa kulia, na nikiyasimulia damu bado inanichemka.

Nianze na mama. Wakati ule mama yangu alikuwa bado kambini Nyarugusu, kule Tanzania, kambi niliyokulia baada ya kukimbia kwetu Uvira. Mimi nililetwa hapa Louisville, jimbo la Kentucky, pamoja na shangazi yangu. Mama alibaki kumuuguza bibi, bibi akafariki, mama akawa peke yake kwenye nyumba ya udongo yenye turubai. Sasa huku Marekani, mtu mwenye kadi ya kijani tu, ile ya ukaazi, hawezi kumwita mzazi wake. Lazima kwanza awe raia. Nilikuwa nimebakiza miezi michache niruhusiwe kuomba uraia, na kila Jumapili mama aliniuliza kwenye simu, "Bado?" Namjibu, "Bado kidogo, mama."

Kazi yangu ilikuwa kwenye ghala la dawa, Jeffersontown. Nilikuwa upande wa dawa kali za maumivu, zile zinazofungiwa. Pale tulipaita kizimbani, kwa sababu pamezungushiwa wavu, na chupa haitoki mpaka watu wawili wameitolea saini. Kazi ya kuchosha, lakini nilikuwa na jina safi, na jina hilo ndilo lililomleta Elias.

Elias ni mtoto wa mjomba wangu. Yeye anakaa Columbus, Ohio, na alishakuwa raia zamani. Jimbo lao lilikuwa limekubali bangi iuzwe kama dawa kwa wagonjwa, kwa leseni. Leseni ni chache, wanaozitaka ni wengi kama watu kwenye foleni ya mahindi kambini. Elias alikuwa ameungana na wazungu wawili wenye pesa. Wao walihitaji raia mweusi kwenye maombi yao, maana leseni kadhaa zilitengewa watu kama yeye, na wote watatu walihitaji mtu aliyewahi kulinda dawa za kufungiwa, awe mkuu wa stoo.

"Kaka, ni wewe tu," akaniambia kwenye simu. "Jina lako likiwemo, leseni tunaipata."

"Elias, bangi? Nitamwambia nini mama?"

Maana kwetu bangi ni kitu cha wale vijana wenye bunduki, macho mekundu, waliotufukuza nyumbani. Mama akisikia neno hilo anashika kifua.

"Mwambie ni duka la dawa. Hutakuwa umedanganya."

"Na uraia wangu je?"

"Kaka, hii ni leseni ya serikali. Serikali yenyewe ndiyo inakuita ukatoe alama za vidole. Aliyekupa ruhusa atakushtaki vipi?"

Nikakubali. Na wewe ungekubali, usijifanye. Sisi tuliokulia kambini tunajua serikali moja. Kibali cha kutoka kikigongwa muhuri, umetoka nacho, polisi wa mbele hakukatalii. Nani angeniambia kwamba huku serikali ziko mbili, ya Ohio na ya Washington, na zinaishi kama wake wenza? Alichokuruhusu huyu, yule anakuandikia kosa. Hakuna mtu kanisani aliyelijua hilo, hata mchungaji.

Basi, ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Novemba. Nilitoka kazini mchana, nikaendesha moja kwa moja mpaka Columbus. Elias alikuwa amenipa anwani ya jengo walilotaka kulipanga, duka la viatu lililofungwa, jirani na mahali pa kufulia nguo. Kesho yake asubuhi ndipo tungekwenda kutoa vidole. Nilifika jua linazama, na Novemba kule linazama mapema. Elias akanitumia ujumbe kwamba amekwama kwenye foleni ya magari, nimngoje.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikaona mtu ndani, nikaingia. Kosa liko wapi hapo? Alikuwa mzee kidogo, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, amevaa koti la baridi na kofia ya sufu ya kijani. Nilidhani ni fundi. Kabla sijasema neno akanisalimia kwa Kiswahili cha kwetu, kile cha Kivu kabisa, kilichochanganyika na Kifaransa, na mimi moyo ukafurahi. Ukiwa mgeni kwenye mji, ukasikia lugha ya nyumbani, huulizi kitambulisho.

Nikampa mkono. Sasa elewa, kwetu mkono wa salamu si wa kugusa na kuachia kama wa huku. Mtu mzima akikushika, anakushika mpaka mmalize habari: za safari, za wazazi, za kwenu. Kumnyang'anya mkono wako ni kumtukana. Kwa hiyo nilimwachia mkono wangu aushike.

"Uko mutoto ya wapi?"

"Uvira, mzee. Nimekulia Nyarugusu."

"Mama iko wapi?"

"Bado yuko kule."

"Bon. Na weye ulishakula kiapo?"

Alimaanisha kiapo cha uraia. Nikamwambia bado, nimebakiza kidogo. Mkono hakuachia. Akaanza kupitisha kidole gumba chake kwenye ncha za vidole vyangu, kimoja kimoja, polepole, kama mama anayechagua mawe kwenye mchele. Ndipo nilipovisikia vidole vyake. Vilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Havikuwa na mistari hata kidogo. Na baridi yake, niamini, nimefanya kazi kwenye friji za ghala, sijawahi kushika baridi ile.

"Mzee, unamngoja Elias?"

"Miye niliweka vidole yangu ku kazi ya bangi," akasema, kama mtu anayezungumza habari za mvua. "Na leseni. Kila kitu na leseni. Donc, ukifika Buffalo, unisalimie Mama Neema."

"Mama Neema yupi, mzee?"

"Iko moja tu."

Mwanga wa gari ukapiga dirishani. Nikageuza shingo kutazama, mkono wangu ukiwa bado mkononi mwake. Niliporudisha macho, mkono wangu ulikuwa juu hewani peke yake. Ndoo ilikuwepo. Mtu hakuwepo. Nikakimbilia mlango, haukufunguka. Nikausukuma, ukagoma, na nje namsikia Elias anapapasa mnyororo.

Mnyororo na kufuli, unasikia? Kwa nje. Elias alifungua kwa ufunguo wake, akanikuta nimesimama ndani.

"Umeingiaje humu?" akaniuliza.

Nilimwambia kulikuwa na mzee wa kwetu. Akamulika kila kona kwa simu, akacheka, akaniambia nimechoka na barabara.

Kesho yake tukaenda kutoa vidole. Mama mmoja mpole akanishika, akavibonyeza kwenye kioo cha mashine. Kioo kikabaki cheupe. Akavifuta kwa spiriti. Cheupe. Akavipaka losheni, akavipuliza, akajaribu mkono wa kushoto. Ule wa kushoto ulisoma vizuri. Wa kulia, hakuna kitu.

"Unafanya kazi ya saruji?" akaniuliza. "Au kemikali?"

Nikamwambia nafanya kazi ya maboksi. Nikatazama vidole vyangu mwenyewe chini ya taa yake. Vilikuwa laini. Vitano vyote. Jana yake asubuhi nilifungua simu yangu kwa kidole cha mkono huo huo. Yule mama akasema hawezi kupokea mkono mmoja tu, nirudi baadaye ngozi ikipona.

Tukatoka. Kwenye maegesho Elias akaanza kupayuka. Siku za mwisho wa maombi zilikuwa zimekaribia, wazungu wake walikuwa wanampigia simu kila saa.

"Umeniletea vidole visivyo na kitu," akasema. "Wakili aliniambia nitafute raia. Mimi nikajifanya namsaidia ndugu."

Nikasimama. "Wakili alisema nini?"

Akajua amejikwaa. Akatazama funguo zake. "Alisema mtu asiye raia akiingia kwenye bangi, hata na leseni, watu wa uhamiaji wanaweza kumnyima uraia. Wanaweza, kaka. Si lazima."

"Wewe ulijua."

"Ningekuambia ungekataa."

Haya, nisikilize hapa. Huyu ni mtu aliyekula kwenye sahani ya mama yangu. Baba yake alipokufa njiani tukikimbia, mama yangu ndiye aliyembeba Elias mgongoni, mimi nikatembea kwa miguu. Na alikuwa tayari mama yangu afie kambini ili yeye apate duka. Nilimkaba koo nikamgandamiza kwenye mlango wa gari lake mpaka watu wakaanza kutoa simu kutupiga picha. Sijutii. Ningekuwa na nguvu zaidi ningembana zaidi. Nilimwachia, nikapanda gari langu, nikarudi Kentucky bila kula wala kuzima hasira. Sijaizima mpaka leo.

Lakini nilikuwa na salamu mkononi. Kwetu ukipewa salamu unazifikisha, hata kama aliyekupa humjui. Mchungaji wetu akampigia mchungaji wa kanisa la Wakongomani Buffalo, akauliza kama kuna Mama Neema. Yule akajibu kwamba yupo, anakaa mtaa wa West Side, na ni mmoja tu.

Nilikwenda kwa basi, theluji imejaa mpaka madirishani. Mama Neema alinifungulia, mwanamke mnene wa Fizi, kwetu Kivu, kitenge kiunoni, soksi mbili mbili miguuni. "Ingia, baba, baridi itakuua." Akaniletea bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, kabla hajaniuliza shida yangu. Nikala kwanza. Kisha nikasema nimeleta salamu, za mzee mwenye kofia ya sufu ya kijani, niliyemkuta Columbus.

Hakushtuka. Aliinuka, akarudi na picha ya mazishi. Ni yeye, mume wake. Kofia ile ile, wamemzika nayo.

Alikuwa amekufa majira mawili ya baridi yaliyopita. Alikwenda jimbo moja la magharibi lililoruhusu bangi mapema, akapata kazi ya kuilima, kazi ya halali, na beji kifuani. Alikuwa anataka uraia ili amlete binti yao Neema, ambaye alikuwa ameshaolewa, akabaki kambini pamoja na mumewe na watoto. Kwenye usaili wa uraia wakamwuliza kama amewahi kulima au kuuza dawa za kulevya. Yeye, mtu wa kanisa, hajui kudanganya, akasema ndiyo, ila kwa leseni, akaitoa beji akaiweka mezani kwa fahari. Wakamnyima. Wakili akamwambia asithubutu hata kusafiri nje ya nchi.

"Akarudi hapa akaanza kusugua vidole," Mama Neema akaniambia. "Pale ku ngazi ya saruji, nje. Kila siku. Anasema anaondoa ile alama alibapatia batu ba serikali. Damu inatoka, anasugua. Halafu moyo ukasimama."

Nikamwonyesha mkono wangu wa kulia. Akaushika, akautazama muda mrefu. Nilidhani atalia. Akaukunja mdomo, akaurusha mkono wangu kama kitu kichafu.

"Iko anazunguka Columbus," akasema. "Iko anashika mikono ya watoto ya watu. Na kwangu hajafika hata siku moja. Miaka mbili nalala peke yangu hapa, hata ku ndoto hajaingia. Basi ukimwona tena umuambie simutaki."

Niliondoka na kopo la sombe alilonifungia, ananifokea nifunge zipu ya koti.

Vidole havikurudi. Nilipoomba uraia, uhamiaji waliviita mara mbili, mara mbili mashine ikavikataa, ikabidi nikatafute barua za polisi za kuthibitisha kwamba sina kosa. Iliniongezea muda, na muda ule mama aliugua malaria mara tatu, nami nikimtukana marehemu kila nikizima simu. Lakini kwenye usaili waliniuliza swali lile lile, kama nimewahi kulima au kuuza au kushiriki. Nikasema hapana, ikawa kweli. Sasa mama yuko hapa, anakaa nami Newburg, analalamikia baridi na mikate ya huku.

Nilimwuliza kuhusu Neema. Anamfahamu, walikuwa wanachota maji bomba moja. Neema yuko kule kule, na wanawe wameshakuwa wakubwa. Mimi raia, nimekwenda mpaka kwa wakili kuuliza kama naweza kumwita. Wakili akaniuliza ni nani yangu. Nikasema baba yake aliniokoa. Akaniuliza lini, nikatazama vidole vyangu, maana wakati huo mtu yule alikuwa tayari kaburini. Akaniambia hakuna njia. Duka la Elias limefunguliwa, foleni mpaka barabarani, wazungu wake wanatabasamu kwenye picha, hakuna hata mmoja aliyenyimwa kitu popote.

Basi wewe unayenisikiliza, uliyeahidiwa kazi ya leseni Columbus au Buffalo au popote, na kiapo bado hujala: wakikuita ukaweke kidole, uliza kwanza ni cha serikali ipi. Uliza kwa mtu aliyesoma sheria, uketi naye mwenyewe, usikie kwa masikio yako. Usitume ndugu yako akuulizie.